Chatu Ambaye Mama Alimkana

Siku chatu alipofika nyumbani kwetu, ndiyo kwanza nilikuwa natoka shuleni kufundisha, vidole bado vina chaki. Gari lilikuwa limemwaga mikungu ya michikichi nyuma ya nyumba, pale Mama alipokuwa na mashine yake ya kukamua mawese. Wanaume wawili waliokuwa wakipakua walisimama mbali, kila mmoja na panga mkononi, wakimtazama Mama. Yeye alikuwa amekaa juu ya kapu lililopinduliwa, ameshika tama.

"Mama, kuna nini?"

"Chatu," alisema. "Yuko humu chini. Bado mdogo. Hawa wanataka kumuua."

"Na wewe unataka nini?"

Akanitazama kama vile hilo ni swali ambalo na yeye alikuwa akilisubiri kutoka kwa mtu mwingine. "Sijui," akasema. "Nimeketi tu."

Lazima nieleze mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilisimama pale na mkoba wangu begani nisijue la kufanya. Mama alikuwa akiogopa mijusi. Tulipokuwa wadogo, mjusi akianguka kutoka darini, Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda kitandani, na sisi watoto ndio tulioshika ufagio. Akikuta gamba la nyoka njiani shambani, anageuza, na siku hiyo halimi. Baba alipofariki, Mama aliendesha biashara ya mawese peke yake, akabishana na wenye magari na wanunuzi kutoka Bujumbura bila kupepesa jicho, lakini stoo ya nyuma, ile yenye bidoni tupu, yaani madumu ya mawese, na panya, hakuingia mpaka mtu atangulie kupiga mlango.

Jioni hiyo chatu alilala katika stoo hiyohiyo, ndani ya pipa lililofunikwa kwa wavu. Nilidhani ni kwa usiku mmoja. Kesho yake nilimuuliza kwa nini, akasema panya wamezidi. Wiki iliyofuata jirani alimuuliza swali hilohilo, akajibu kwamba alimwonea huruma, ametoka mbali. Mjomba, kaka yake, alipokuja kutoka Gitaza na mfuko wake wa ndagala, dagaa wa ziwani, akamwuliza kwa ukali, Mama alisema, "Nimechoka kuogopa." Niliposikia jibu hilo nikadhani sasa nimepata ukweli. Lakini siku chache baadaye alimwambia mtu mwingine kwamba ni mimi niliyemtaka.

Alimwita Mgeni. Hakumpa jina lingine.

Mgeni alikua. Aliwamaliza panya wa stoo, kisha Mama akaanza kumnunulia wengine kwa watoto wa mtaa, kisha kuku, kisha sungura. Kabla ya kufungua mlango wa stoo Mama alisema bismillahi, akaingia taratibu na beseni la maji safi, akatoka akirudi kinyumenyume. Mimi nilibaki uani nikisahihisha madaftari, sikio liko kwake. Sikutaka kumwona yule mnyama. Hata hivyo kila siku nilimwona, maana dirisha la stoo lilitazamana na la chumba changu, na asubuhi jua likipiga ndani unaona madoa yake ya kahawia yanasogea ukutani bila kujua kama ni kichwa kinakwenda au ni mkia.

Ukifuga chatu Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, watu wanazungumza. Kwanza walisema Mama amerukwa na akili. Halafu biashara ikaenda vizuri msimu mmoja, wakasema ni nyoka wa utajiri, anatapika pesa. Baadhi ya wanunuzi wa zamani wakaacha kuja. Kina mama waliokuwa wakija kwetu baada ya swala ya Ijumaa wakawa wanasalimia kutoka barabarani, "Amahoro, Mama, tuna haraka," wakapita. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni wale waliokuja kwa sababu yake. Mwanamke mmoja mfanyabiashara wa samaki alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, saa saba mchana, akakaa na Mama kwenye mkeka, akanywa chai yote, akauliza habari za watu wote, halafu akasogea.

"Mama, mimi naelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Siombi kingi. Niambie tu anakula nini, na unamwambia maneno gani."

"Anakula sungura," Mama alisema.

"Na maneno?"

"Namwambia asimwage maji."

Yule mwanamke alicheka, akasubiri, akaona Mama hacheki. Aliondoka amekasirika, akisema Mama ni mchoyo. Baada ya hapo wote wawili tulikuwa wachoyo mtaani, na wachawi, na wendawazimu, inategemea unazungumza na nani.

Nilimwomba Mama amtoe. Nilimwomba kwa upole, kisha kwa hasira. Nilimwambia kwamba shuleni wanafunzi wananiita mwalimu wa nyoka. "Basi watakuogopa," akasema, "watasoma." Sikujua kama ananitania.

Kisha kuna ile siku niliyorudi nikakuta mlango wa stoo uko wazi. Mama alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho amefumba, na chatu amelala juu ya miguu yake, kuanzia magotini hadi vifundoni, mzito kama gunia lililofungwa vibaya. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini sikujua kama kelele itamwamsha Mama au itamshtua chatu, na sikujua kama Mama yuko hai.

"Unaniziba mwanga," Mama alisema bila kufumbua macho.

"Mama, anafanya nini huyo?"

"Hafanyi kitu. Amelala."

"Na wewe?"

"Na mimi nimelala."

Nikarudi uani. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, mkoba bado uko mapajani, mpaka alipotoka akijifunga mtandio na kuniuliza kama nimekula.

Watu husema mnyama wa namna ile humzoea mwenye kumlisha. Sijui. Siku moja Mama alimchinja kuku, hakunawa vizuri, akaingia stoo kubadilisha maji. Nilisikia beseni likianguka. Nilipofika, chatu alikuwa amemng'ata mkono juu kidogo ya kifundo na amejizungusha mpaka kwenye kiwiko. Mama alikuwa amekaa chini, uso umekuwa wa kijivu, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuuza mawese.

"Usivute kichwa. Meno yamegeukia ndani. Leta siki."

Nilileta siki, nikaimimina mdomoni mwa chatu kwa haraka, nusu ya chupa ikaenda kwenye gauni la Mama. "Anza mkiani," akasema. Nilishika ule mkia. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Nilidhani atakuwa na utelezi. Alikuwa mkavu, wa baridi, na ndani yake kulikuwa na nguvu iliyosogea kama inafikiria jambo. Nilimfungua mzunguko baada ya mzunguko. Alipoachia, nilimtupia wavu, nikaanza kulia.

Mama alinawa damu, akafunga kitambaa, akaenda kupiga magoti karibu na wavu.

"Samahani," akamwambia chatu. "Kosa langu. Nilikuwa nanuka kuku."

Mimi hakuniambia kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na chupa ya siki.

Kisha ziwa likapanda. Waliokaa pwani ya huku wanajua hiyo miaka. Maji yalikula Kabezi, yakala Muhuta, yakaingia kwenye nyumba za watu ambao tangu wazaliwe walikuwa wanatembea kufuata maji. Kwetu yalianza kwa kuloweka uani. Mashine tuliihamishia kwa jamaa upande wa juu. Ukuta wa stoo ulikuwa wa tofali mbichi. Asubuhi moja, mvua ikiwa bado inanyesha, tulisikia kishindo, tukatoka, tukaona nusu ya ukuta imelala ndani ya maji na bidoni zinaelea hadi kwa majirani. Pipa lilikuwa limepinduka. Chatu hakuwepo.

Nilimtazama Mama, nikisubiri alie, au aanze kutafuta. Alikunja gauni, akaingia majini, akaanza kuokota bidoni.

"Mama, Mgeni je?"

"Shika hiyo ya njano, inakwenda."

Hakumtafuta siku hiyo wala siku zilizofuata. Hakumtaja. Mimi, niliyekuwa nimeomba aondoke miaka yote hiyo, ndiye niliyekuwa nainama kuangalia kila mtaro nikienda shule. Nilijiambia ni kwa ajili ya usalama wa watoto. Lakini mara moja niliona mpira wa gari kuukuu kwenye majani, moyo ukaruka, na nilipogundua ni mpira sikujisikia kama mtu aliyesalimika.

Zilipita wiki nyingi. Mvua zilikuwa zimepungua, maji yakarudi nyuma kidogo, na wavuvi wakajenga upya chanja zao za kuanikia ndagala. Siku moja ya mapumziko nilikuwa nafua nguo, mwanamke mmoja wa pwani akaja mbio.

"Mwalimu, njoo! Nguma yenu iko chini ya mutumbwi! Watu wanataka kuikata!"

Nguma ndilo jina la chatu kwa watu waliotoka ng'ambo, Kongo. Mama alikuwa ndani akipima mawese. Tulikwenda pamoja, Mama mbele, mimi na povu la sabuni mikononi.

Watu walikuwa wengi, na makasia, na mapanga. Mtumbwi mbovu ulikuwa umepinduliwa mchangani, na chini yake, katika rundo la nyavu, alikuwa chatu mkubwa, tumbo limevimba. Mwenye bata alikuwa akilalamika kwa sauti. Mama alipofika watu walifungua njia, na Mjomba, ambaye alikuwa amekuja na ndagala zake siku hiyo, akamshika bega.

"Dada, sema. Nyoka huyu ni wako?"

Mama aliinama, akatazama chini ya mtumbwi. Alitazama kwa muda. Kisha akasimama na kufuta mchanga magotini.

"Hapana," alisema. "Huyu si wangu."

Mtu akacheka. Mwingine akainua panga. Na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe, ile ya darasani, ikisema, "Ni wetu! Msimguse!"

Mama aligeuka akanitazama. Ninakumbuka uso wake mpaka leo na bado sijui kuusoma. Haukuwa uso wa mtu aliyekasirika.

Nilimtoa mwenyewe, Mjomba akishika katikati, huku akinilaani mimi na shule iliyonisomesha. Kwa vile alikuwa ameshiba hakupigana sana. Tulimtia katika magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, tukamsukuma kwa toroli hadi nyumbani. Mwenye bata nilimwahidi bata. Mama alikuwa ameshatangulia. Tulimkuta anaendelea kupima mawese.

Stoo haikuwepo tena, kwa hiyo chatu akakaa chumbani kwangu. Nilitoa nguo na vitabu, nikaziba dirisha, nikahamia kitandani kwa Mama. Siku chache baadaye alisema, tukiwa tunachambua mchele:

"Umeniletea nyoka wa watu ndani ya nyumba."

"Mama, ni Mgeni."

"Mgeni alikuwa na alama ya kuungua karibu na mkia. Yalimdondokea mawese ya moto. Wewe hukuwahi kumwangalia."

"Huyu ana alama."

"Iko katikati. Na Mgeni hanipigii kelele nikimpelekea maji."

Hilo lilikuwa kweli. Huyu alipuliza kama tairi linalotoka upepo kila mlango ukifunguliwa. Lakini nilisema, hata mtu angekuwa hivyo baada ya mafuriko na mapanga. Nilisema magamba hubadilika akijivua. Niliapa. Ukweli ni kwamba nilipomtazama nilimjua, na nilipotoka nje nilianza kutilia shaka, na nilipoingia tena nilimjua tena. Ikiwa si Mgeni, basi nimeokota chatu wa porini, nikamlaza kwenye chumba changu, na mama yangu alisema kweli mbele ya watu. Ikiwa ni Mgeni, basi Mama alimtazama usoni akamkana, na angeacha wamkate. Sikujua ni lipi ninalolitaka.

"Uliogopa watu?" nilimuuliza. "Wangesema nyoka wa utajiri amerudi?"

"Nimeshasema si wangu. Unataka niseme mara ngapi?"

Kisha akataga. Niliingia na maji nikamkuta amejikunja kama kilemba kikubwa, na katikati ya mikunjo, vitu vyeupe, vikubwa kuliko mayai ya bata. Nilimwita Mama. Alikuja, akachungulia juu ya bega langu, akavuta pumzi.

"Unaona?" akasema. "Mgeni alikuwa dume."

"Nani alikwambia alikuwa dume?"

Kweli, hakuna mtu aliyewahi kutuambia. Tulisema tu hivyo, toka siku ya kapu.

Nilitegemea kwamba sasa atasema mtoe nje. Badala yake Mama alitundika pazia zito mlangoni, akakataza redio, na akawaambia wanunuzi wazungumze polepole. Asubuhi aliingia na beseni kabla yangu. Chatu alimpulizia, na yeye akasema bismillahi, akaweka maji, akatoka.

"Lakini si wako," nilimwambia.

"Najua si wangu. Anaatamia."

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, ndiye aliyemleta afisa wa mazingira, kijana mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Alitueleza kuwa mnyama wa porini hafugwi nyumbani, na kwamba atampeleka msitu wa Kigwena. Alipochungulia akaona mayai, akakuna kichwa. Akisogeza mayai sasa yataharibika. Akakubali tusubiri yaanguliwe, mradi mlango ubaki umefungwa.

Nilimfuata hadi barabarani. "Tafadhali," nilimwambia, "kama chatu alikuwa peke yake kwa miaka, halafu akapotea kwa wiki kadhaa, anaweza kurudi akataga?"

"Anaweza."

"Na kama ni wa porini?"

"Anaweza pia."

"Kwa hiyo mayai hayasemi kitu."

"Mwalimu," akasema, "unataka yaseme nini?"

Nilimshukuru, murakoze, nikarudi.

Yalianguliwa wakati niko darasani. Mama alinipigia simu, jambo ambalo hakulifanya hata Mjomba alipovunjika mguu. "Njoo, wako kwenye pazia," akasema. Nilikuta vitoto vya chatu, kila kimoja urefu wa mkono wangu, viko kwenye pazia, juu ya kabati, ndani ya viatu vyangu, na Mama yuko katikati ya chumba na ndoo, anaviokota kwa kitambaa kama anachuma mboga. Kimoja kilimng'ata kidole, akakitazama tu. Mayai mengine yalikuwa yameoza. Chumba kilinuka vibaya mno. Chatu mkubwa alikuwa amejikunja kando, amekonda, hampulizii mtu.

Mama, yule wa mijusi. Niliinama nikaanza kumsaidia.

Pikapu ilikuja asubuhi iliyofuata. Mama alivaa kitenge chake cha Idi. Nilimwambia hakuna haja ya yeye kwenda, akapanda mbele pamoja na dereva, mimi nikakaa nyuma na afisa, pamoja na ndoo za vitoto zilizofunikwa na lile gunia la chatu. Njiani ziwa lilionekana kulia kati ya michikichi, limetulia, kama si lenyewe lililotuvunjia ukuta.

Msituni afisa alimwaga vitoto kwenye majani makavu, vikapotea upesi sana hivi kwamba sikuona hata kimoja kikienda. Kisha tukafungua gunia. Chatu hakutoka. Tulisubiri. Mwisho kichwa kikatokeza, ulimi ukionja hewa, na mwili ukaanza kufuata, polepole, ukipita karibu na miguu ya Mama. Mama hakurudi nyuma. Nilitazama ule mkia ulipopita, nikaona ngozi safi isiyo na alama yoyote ya kuungua, na kwa mara ya kwanza nikawa na hakika kabisa kwamba sijawahi kumwona nyoka huyu kabla ya siku ile ya mtumbwi.

"Pengine ndiye," Mama akasema.

"Nini?"

"Nimesema pengine."

"Mama! Miezi yote hii unasema siye!"

"Na wewe ulisema ndiye. Sasa mbona unanikazia macho?"

Afisa alikuwa anakunja gunia, akijifanya hasikii. Nilitaka kumuuliza Mama aliona nini, pale, kwa jicho lake, na pale chini ya mtumbwi aliona nini, na kama angejua ni yeye angesema vilevile. Maswali yote yalikuja kwa pamoja. Yeye alikuwa ameshageuka, ameinua kitenge kisishike miiba, anarudi kwenye gari.

Njia nzima alizungumza na dereva juu ya bei ya mafuta na barabara iliyokatika. Tulifika kabla ya alasiri. Alibadili nguo, akaenda kupima mawese, na wanunuzi walikuwa wanamsubiri.

Nilifungua madirisha ya chumba changu, nikakipiga deki kwa sabuni, nikakipiga tena kwa siki. Kilikuwa changu sasa, kinakalika. Usiku huo, hata hivyo, nilichukua mto wangu nikaenda kulala kwa Mama. Alijisogeza ukutani kunipisha, na mpaka leo nalala huko, na hakuna kati yetu aliyewahi kueleza kwa nini.